Swichi ya Joto

Harufu ya shaba iliyoungua ilikuwa bado imeng'ang'ania darini Nyamai alipofungua kabati la umeme lililoendesha mota ya mashine ya kufumia mablanketi. Ndani kulikuwa kweusi tititi. Feni ilikuwa imezibwa na nyuzi za sufu. Juu ya swichi ya joto, ile ya kukata umeme kabati likichemka, kilining'inia kipande cha waya alichokifunga kwa mkono wake mwenyewe mwezi uliopita.

"Inazima mara tano kwa siku," Phares, msimamizi wake, alikuwa amemwambia wakati ule. "Iruke kwa waya, isikate tena. Oda haingoji."

Naye akairuka.

Jumatatu adhuhuri, viwanda jirani vilipozima mashine kwa chakula, umeme ulipanda hadi volti mia nne na themanini badala ya mia nne na kumi na tano za kawaida. Kabati, lililokwisha kupata joto tangu asubuhi, likalipuka. Kezia, mwendesha mashine, akaungua uso.

"Andika kwenye ripoti umeme ulizidi," Phares akasema sasa. "Na kwamba mwendeshaji alichelewa kuzima."

"Umeme kuzidi ni kweli."

"Basi hujadanganya."

Nyamai akatia sahihi. Nusu ya ukweli ni mzigo mwepesi, hadi ufike nao nyumbani.

Jumapili ya juma lililofuata, watu walipotoka kanisani, alibisha chumbani kwa Kezia, mtaani Shauri Moyo. Alimkuta ameketi kitandani, macho yamefungwa bendeji.

"Ni mimi, Nyamai, fundi wa umeme."

"Karibu, fundi. Barua ya kuachishwa kazi imekuja. Wanasema ni uzembe wangu." Akapapasa ukingo wa blanketi. "Niliinusa ile harufu, nikanyoosha mkono nizime. Niambie wewe unayejua mitambo. Nilichelewa?"

Nyamai alikuwa amejiandalia maneno ya pole. Akayaacha.

"Hukuchelewa, mama. Kabati lingejizima lenyewe kabla hujanusa lolote. Mimi ndiye niliyeifunga swichi yake kwa waya. Kisha nikatia sahihi kwamba ni wewe."

Kezia akaugeuzia uso mlango wa uani.

"Sema tena," akasema. "Kwa sauti. Mume wangu Tobias yuko hapo nje ananifulia nguo. Tangu barua ije hajanisemesha; ameiamini."

Nyamai akainuka. Uani, sauti ya kufua kwenye karai ilikuwa imekoma.