Chasisi ya Mwenyekiti

Siku ya kwanza Priska Swai alipoingia kwenye ukumbi wa klabu, aliitwa kuchomelea bawaba ya mlango, na alikusudia kuchomelea bawaba ya mlango tu. Lakini ana macho, na masikio pia anayo, na ukumbi ule ulikuwa na mengi ya kuudhi vyote viwili.

Ulikuwa nyuma ya hoteli moja ya Shanty Town, mtaa wa matajiri wa Moshi. Katikati kuliwekwa ubao mrefu kama lori, umechongwa mifereji sita iliyopinda na kurudi ilikoanzia. Kandokando ya kila mfereji kulipita ukanda wa shaba wenye umeme. Ndani ya mifereji hiyo vilikimbia vigari vya ukubwa wa kipande cha sabuni, kila kimoja na ulimi wa plastiki ulioingia mferejini, na waliokuwa wakiviendesha kwa vishikio vya kubana walikuwa watu wazima na vitambi vyao: daktari wa meno, wenye kampuni mbili za kupandisha watalii mlimani, na Wakili Wenseslaus, mwenyekiti. Walipiga kelele kuliko watoto wa chekechea. Kila vigari vilipofika kwenye kona ya dirishani, cha mwenyekiti kiliruka nje ya mfereji na kugonga ukuta.

"Tairi," alisema mwenyekiti.

"Hewa," alisema daktari wa meno. "Leo mlima umefunguka, hauna wingu, kumekauka."

Priska alizima mashine ya kuchomelea. Kigari kilikuwa kimeangukia miguuni pake, bodi yake ya plastiki imechomoka, kimebaki kiunzi cha chuma kinachobeba mota na magurudumu, yaani chasisi. Alikiokota, akapitisha ukucha ukingoni. Ukucha ulikwaruzwa. Mashine iliyokata chuma kile ilikuwa imeacha meno madogo pande zote, na hakuna aliyejisumbua kuyaondoa. Kipande cha kati, ambacho kilitakiwa kucheza juu na chini kwenye bawaba zake, kiling'ang'ania kama droo ya kabati la mkopo. Akaiweka chasisi juu ya kioo cha meza. Ikayumba, tik, tik, kama kigoda cha kilabu cha pombe.

"Hii imepinda," alisema.

Wakili Wenseslaus alitabasamu, tabasamu lile la kumwonea huruma shahidi. "Mama, hiyo imetoka Ulaya. Imekatwa kwa leza."

"Na leza ndiyo iliyoiachia meno haya?"

Wenzake walicheka, mwenyekiti hakucheka. "Mama, wewe tumalizie mlango."

Akawamalizia mlango. Ulifunga vizuri kuliko kitu kingine chochote ndani ya ukumbi ule.

Priska alikuwa amefanya kazi miaka ishirini na sita katika karakana ya kiwanda kule tambarare, mwanamke peke yake kati ya mafundi kumi na wanane. Mwaka wa kwanza msimamizi alimpa tupa moja ya kusugulia na bonge la chuma, akamwambia alifanye mraba. Wanaume walingoja alie. Hakulia, alipiga tupa mpaka mraba ukapatikana, kisha akaambiwa aanze upya na bonge jingine. Kiwanda kilipofunga karakana, alikodi chumba mtaa wa Majengo. Watu wa Mwika walimletea mashine za kumenyea kahawa, na ndugu zake wa Masama mashine za kukatia majani ya ng'ombe. Aliwadharau wote kwa usawa, kwa jinsi walivyozitesa mashine, lakini aliwatengenezea. Kumbe alikuwa hajapata kukutana na watu waliostahili dharau yake yote, mpaka siku ile ya bawaba.

Jumapili iliyofuata, saa nne asubuhi, watu wakiwa ibadani, Priska alikuwa amekwisha rudi kutoka ibada ya kwanza na alikuwa akinywa mtori wa ndizi. Mlango wa nyuma ukagongwa. Alikuwa wakili, amevaa kofia ya kuzuia jua kana kwamba anatoroka dhamana. Gari lake alikuwa ameliacha mtaa wa tatu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Bawaba imekatika tena?"

"Hapana, mama." Akatoa kwapani jalada la kesi. Ndani, badala ya karatasi, kulikuwa na chasisi. "Jumamosi Arusha wanakuja kushindana nasi. Nasikia wana mwalimu mmoja hatari. Sasa nilikuwa naomba... lile jambo ulilosema la kupinda. Ila iwe siri, kama ya wakili na mteja."

"Mteja ni nani hapo?"

Wakili akamsogezea jalada. Priska angeweza kumfukuza. Ukweli ni kwamba tangu siku ile vidole vyake vilikuwa vinakumbuka yale meno ya ukingoni, na vilimwasha. Akachukua jalada, akaahidi kunyamaza, huku akijidharau kidogo yeye mwenyewe.

Kazi ilimchukua siku nne, katikati ya kazi nyingine. Kwanza aliondoa meno yote kwa tupa nyembamba, akisukuma kwenda mbele tu bila kuvuta, kisha akazunguka kingo za ndani, zile ambazo wavivu huziacha kwa kuwa hazionekani. Alizilegeza bawaba mpaka kipande cha kati kikaanguka chenyewe ukikiinamisha, bila kugota. Halafu akapaka tumbo lote la chasisi wino wa kalamu nene, akabandika msasa wa maji juu ya kioo, akaisugua chasisi taratibu kwa mikono miwili. Wino ulipofutika, palikuwa pameinuka, ulipobaki, pamezama. Akagonga kidogo kwa nyundo ya shaba, akapaka wino tena, akasugua tena, mara kwa urefu, mara kwa mshazari. Siku ya nne wino ulifutika wote kwa mara moja. Aliilaza juu ya kioo kitupu, akajaribu kupitisha karatasi ya sigara chini ya kila kona. Haikupita. Akayapulizia magurudumu, nayo yakazunguka kwa pumzi tu.

Wakili alipokuja kuichukua aliigeuza kama mtu anayekagua sufuria dukani. "Mbona haing'ai?"

"Ulitaka kuivaa?"

Jumamosi mchana Priska alikwenda ukumbini. Hakualikwa; aliingia tu kwa mlango wake aliouchomelea, akakaa nyuma karibu na birika la chai. Alitaka kukiona chuma chake kikikimbia, basi.

Kikakimbia. Kilipita kona ya dirishani kama kimevutwa kwa uzi, mzunguko baada ya mzunguko. Mwenyekiti aliwapita wa nyumbani na wageni mpaka watu wakaacha kumshangilia wakaanza kumwonea shaka.

"Umefanyaje?" aliuliza daktari wa meno wakati wa mapumziko.

"Nimeinyoosha mwenyewe," alisema Wakili Wenseslaus, kwa sauti ya kuwafikia hata waliokuwa nje. "Ni mikono tu, ndugu zangu. Na subira. Chuma kinataka kusikilizwa."

Priska nusura amwage chai. Kusikilizwa! Miaka ishirini na sita hakuna chuma kilichowahi kumweleza chochote. Alitazama mikono ile iliyosikiliza chuma, laini kama ya maiti wa tajiri, kucha zake zimekatwa na kinyozi. Akaendelea kunywa. Alikuwa ameahidi, na hata ahadi kwa mpumbavu ni ahadi.

Nusu fainali ya pili ndiyo iliyoharibu mambo. Yule mwalimu hatari wa Arusha alikuwa mwanamke mwembamba aitwaye Esther, mfundishaji wa fizikia, asiyeongea sana. Alimshinda daktari wa meno, lakini katika mzunguko wa mwisho kigari cha daktari kiliruka kikakibeba chake, vikaanguka vyote sakafuni. Esther alipokiokota, chasisi ilikuwa imejikunja kama ganda la ndizi. Hakuwa na nyingine, na fainali, yeye na mwenyekiti, ilikuwa baada ya nusu saa.

Alikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti. "Wakili, nimekusikia ukieleza unavyonyoosha. Tafadhali nisaidie. Sitaki kukupa ushindi wa bure."

Watu wakasogea. Kila mmoja alitaka kuona chuma kikisikilizwa. Mwenyekiti alitazama mlango, akatazama saa, akatazama kila mahali isipokuwa pale kwenye birika la chai. Kisha akaomba nyundo.

Akaiweka chasisi kwenye ukingo wa ubao wa mbao, akapiga. Akapiga tena. Chasisi iliyokuwa imepinda upande mmoja sasa ilipinda pande mbili, na kipande cha kati kikakwama kabisa.

"Chuma hiki ni laini," alieleza, jasho likimtoka. "Hawa wa Arusha wananunua vitu hafifu."

Esther alikuwa akitazama chasisi yake kama mtu anayetazama ng'ombe wake akichinjwa na asiyejua kuchinja. Wakili akainua nyundo mara ya tatu.

"Weka chini hiyo nyundo."

Priska mwenyewe hakujua kama amesimama. Sauti iliyomtoka ilikuwa kama ya yule msimamizi wake wa zamani, na ilifanya kazi ileile: nyundo ikawekwa chini.

"Mama Priska," alisema wakili, akijikusanya, "hii ni kazi ya kitaalamu."

"Najua. Ndiyo maana nimesema uweke chini."

Akaichukua chasisi mikononi mwake, akaangaza ukumbini akitafuta kioo. Ile meza ya kioo ilikuwa imejaa sahani. Ukutani kulikuwa na picha kubwa ya mwenyekiti akiwa ameshika kikombe, ndani ya fremu ya dhahabu. Priska aliiteremsha, akailaza juu ya kiti, akapangusa kioo kwa kanga, na hapohapo, juu ya uso unaotabasamu wa Wakili Wenseslaus, akaanza kazi. Mwanzoni hakuna aliyethubutu kucheka. Baadaye walicheka, na hawakuweza kuacha.

Alikuwa na tupa, msasa na ile nyundo ya shaba ndani ya mkoba wake. Hatembei bila hivyo. Alikunjua pale palipokunjika kwa vidole, akagonga mara chache kwa upole, akalegeza bawaba, akasugua kwa urefu, akasugua kwa mshazari. Dakika ishirini hakuinua kichwa. Alipomaliza, chasisi haikuwa kamili, na alisema hivyo. "Kona ya nyuma imebaki imepinda kwa unywele. Ningekuwa na siku moja ningeinyoosha. Lakini itakimbia."

Daktari wa meno, ambaye kazi yake yote ni kutazama mikwaruzo midogo, aliinama akatazama tumbo la chasisi. Kisha akaenda kuchukua kigari cha mwenyekiti, akakigeuza, akavishika vyote viwili kwenye mwanga wa dirisha. Mistari ileile ya msasa, ikikatana kwa mshazari uleule.

"Mwenyekiti," alisema polepole, "hii ni mikono ya nani?"

"Alinisaidia kidogo," alisema wakili. "Pale mwishoni."

Esther akamgeukia Priska. "Ni kweli, mama? Kidogo?"

"Muulize yeye," alisema Priska, akipangusa tupa yake. "Mimi nimekatazwa kusema. Ni siri ya wakili na mteja."

Fainali ilipigwa hivyohivyo, kwa sababu wanachama walipotaka mwenyekiti aondolewe kwa uongo wake, Esther alikataa katakata. Vyuma vyote viwili vilikuwa vya mkono mmoja, kwa hiyo kilichobaki kupimwa kilikuwa madereva. Mizunguko kumi ya mwanzo walikwenda sambamba. Kwenye wa kumi na mbili wakili, huku watu wakimnong'onea "sikiliza, mangi, sikiliza," alibana kishikio zaidi ya ilivyotakiwa, na kigari chake kikauacha mfereji pale pale dirishani kikapiga ukuta. Safari hii hakusema tairi.

Baada ya Esther kutangazwa mshindi, wanachama walimzunguka Priska na mifuko yao ya vyuma, kila mmoja na sifa zake za uongo. Aliwatazama mmoja mmoja. Hawa ndio waliocheka siku ya bawaba, na kesho wangecheka tena wakipata wa kumcheka. Alimpa Esther namba ya simu, akarudi nyumbani kwa miguu.

Jumatatu, saa sita mchana, Majengo yote ikiwa nje, gari la Wakili Wenseslaus lilisimama mbele ya mlango wa mbele. Alishuka bila kofia. Mama muuza nyanya wa jirani alisimamisha biashara yake ili atazame vizuri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeleta nini?"

"Sijaleta kitu. Nimekuja unifundishe." Akasogea kizingitini. "Nimedharauliwa vya kutosha. Bora nijue."

"Hujadharauliwa vya kutosha," alisema Priska. "Kaa hapo."

Alimpa tupa na kipande cha bati nene, akakibana kwenye jiliwa, kibanio cha chuma cha mezani. Wakili alivua koti. Alipiga tupa kama anayepaka siagi mkate, akaivuta na kuisukuma, akaegemea upande mmoja, na chuma kikalia kwa uchungu. Priska alimweleza alivyo, kwa maneno ambayo hakuna hakimu angeyaruhusu, na muuza nyanya alikubaliana naye kila mara. Baada ya saa moja wakili alikuwa na lengelenge kiganjani. Baada ya saa mbili lilipasuka. Alilifunga kwa leso yake ya hariri, akaendelea.

Saa tisa Priska alimwambia aende zake. Aliondoka bila kuuliza kama amefanya vizuri, jambo lililomshangaza. Alipolichomoa bati kwenye jiliwa akalilaza juu ya kioo, aliona kingo tatu ni aibu tupu. Ya nne ilikuwa imenyooka. Akapitisha ukucha, akarudia, haukukwaruzwa.

"Nije kesho?" wakili alikuwa amerudi mlangoni, koti begani.

Priska aliligeuza bati, akamwonyesha zile kingo tatu. "Utakuja au hutakuja, mimi nitakuwepo," alisema. "Na hiyo leso ya hariri uiache nyumbani."