Hawa Wawili Hawaelewani

Kompyuta ya studio ilikuwa bubu tangu niliposasisha mfumo wake wa Linux asubuhi. Draiva, yaani programu inayoendesha kadi ya sauti, ilikuwa mpya, lakini maktaba ya sauti inayotegemewa na programu yetu ya kurekodia ilibaki ile ile ya zamani. Nikimgusa huyu, yule ananuna.

Mama akapiga simu, nikapokea kwa ukali. "Mbona unafoka?"

"Hawa wawili hawaelewani, mama! Mmoja anajifanya wa kisasa, mwingine hataki kubadilika hata kwa dawa. Nimechoka kuwapatanisha!"

 

"Basi, mwanangu," akasema taratibu. "Mwambie mkeo nitakuja Jumapili nimwombe radhi."

Nikafungua mdomo nimweleze habari za draiva. Nikaufunga.