Dole Gumba Kwenye Gundi

Mume wangu alikuwa na tabia moja ya kunitia wazimu: hashiki karatasi bila kuacha alama ya dole gumba. Na kazi yetu ilikuwa karatasi! Wakubwa wa dunia walikuwa wakijaribu mabomu ya nyuklia angani, huko mbali, na vumbi lenye mionzi lilisafiri na upepo mpaka kwetu. Kila asubuhi yeye alipanda kwenye paa la maabara, akaitoa karatasi ya jana na kutandika mpya, yenye gundi ya kunasa vumbi. Mimi niliichoma ile ya jana kwenye tanuru, nikapima mionzi kwenye majivu.

"Baba watoto, umeshika tena kwenye gundi!"

"Kidole changu hakina bomu, mama watoto."

Wenzetu walicheka, wakambandika jina la Kidole. Mimi nilinuna mpaka jioni.

Jumatatu alitandika karatasi, akashuka, akaanguka chini ya ngazi. Moyo wake ulikuwa umesimama.

Tulipotoka kumzika, nilipanda juu mwenyewe. Karatasi ilikuwa pale pale, imejaa vumbi, na kwenye kona alama yake, mistari yote ya kidole. Utaratibu unasema karatasi ichomwe nzima. Utaratibu haujawahi kufiwa. Nilikata ile kona kwa mkasi, nikachoma iliyobaki.

Kisha nikaweka dole gumba langu juu ya lake. Gundi ilikuwa bado inanata. Ilinishika, na sikuvuta.