Meza ya Sindano

Kitendawili! Wewe hapo, usitazame pembeni, nakutega wewe. Hana miguu lakini hupanda pua; hana mikono lakini hushika masikio. Umeshindwa? Nipe mji. Haya, mji nimeula, nimeshiba, nakwambia: ni miwani.

Basi palikuwa na chama cha kujitolea mtaani, watu kumi na mmoja na fulana za njano kumi, kwa hiyo kila siku ya kazi kuna mmoja aliyekuja na shati lake na kudai ile ya chama imelowa. Mwezi mzima walipita nyumba hadi nyumba na kapu, wakiomba miwani iliyolala kwenye droo: ya marehemu, ya waliobadilisha namba, iliyokaliwa na wajukuu. Wakaiosha kwa sabuni, wakainyoosha mikono iliyopinda, mpimaji wa macho akaibandika namba. Jumamosi asubuhi wakaipanga juu ya madawati ya darasa la kwanza, watu wakapanga foleni.

Wenye kusoma walisomeshwa karatasi ya herufi. Kwa wale ambao herufi waliziacha shuleni siku walipotoka, mwenyekiti alikuwa na dawa yake: sindano na uzi. Ukitunga, unaona karibu. Usipotunga, utajaribishiwa miwani mpaka utunge.

"Na meza ya sindano atakaa nani kama si wifi yangu?" akasema mwenyekiti. Yeye alikuwa mkunga mstaafu, mwenye sauti ya kuamrisha hata mtoto ambaye bado hajazaliwa.

Wifi mwenyewe ni Mama Pindo, fundi cherehani. Alikaa, lakini moyo ulimdunda kama cherehani isiyotiwa mafuta.

Maana Mama Pindo alikuwa haoni tundu la sindano. Mbali aliona vizuri. Angekwambia kunguru wa ng'ambo ya barabara ana manyoya mangapi. Karibu ndiko kulikokuwa na ukungu mtupu. Mshono aliufuata kwa vidole, vidole vilivyozoea miaka thelathini na ushei. Tundu tu ndilo lililomshinda, naye akalizulia desturi. Mteja akileta kitambaa, anapewa sindano: "Tunga uzi mwenyewe, mwanangu, ili nguo ikujue." Watu wakaamini! Wapo walioapa kwamba gauni usilolitungia uzi hukubana makwapani. Angesema ukweli, vitambaa vyote vingehamia kwa fundi wa mtaa wa pili mwenye macho ya mwewe, na chumba kile kilichomlisha tangu afiwe na mume kingetiwa kufuli.

Pale mezani alijitahidi. Mtu akimaliza kutunga, yeye anashika uzi juu na kuuvuta kidogo. Sindano ikining'inia, "Hongera!" Ikidondoka, "Nenda kwenye miwani." Hakuna aliyeshtuka, mpaka alipofika mzee mmoja, fundi mwashi wa zamani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hii ndiyo dawa ya macho? Mnataka kunitoboa?"

"Mzee huyu," mwenyekiti akatangazia darasa zima, "juzi kapiga mswaki kwa dawa ya magoti, na magoti akayapaka dawa ya meno."

"Na magoti yananukia vizuri!" mzee akajibu. Watu wakaangua kicheko.

"Leo dawa ya magoti, kesho dawa ya panya. Tunga uzi, mzee wangu."

Mzee akaipeleka sindano mbali, akaileta puani, akaifinyia jicho. "Sindano yenu haina tundu. Mimi nimesimamisha kuta bila timazi, leo nishindwe na kijiti? Fundi, anza wewe. Ukitunga hapa nikuone, nitavaa hayo madude yenu."

Watu wakasogea kutazama. Mama Pindo akalowesha uzi kwa mate, akausokota, akausukuma. Ukapita kulia. Akausukuma tena. Ukapita kushoto.

"Upepo huu," akasema.

"Madirisha yamefungwa, wifi."

"Uzi wenyewe mbovu."

"Si umekuja nao mwenyewe?"

Mzee akainama juu ya meza. "Binti yangu, wewe unaona?"

Mama Pindo akaingia chini ya meza kuokota kitu ambacho hakikudondoka. Alipoibuka, mwanamke wa tatu kwenye foleni, aliyevaa gauni la wiki iliyopita, alikuwa amekunja uso kama mtu anayekumbuka jambo.

Mzee akaiweka sindano chini. "Basi. Fundi anaishi bila tundu, na mwashi ataishi." Akachukua fimbo yake, akaondoka. Mwenyekiti alimwita, naye akapunga mkono bila kugeuka.

Hapo ndipo Mama Pindo alipomwona vizuri, maana alishakuwa mbali. Aliona kisogo cheupe na mguu unaopapasa ngazi ya mlangoni. Akilini akaiona na rafu ya nyumbani kwa mzee huyo: dawa ya magoti, ya meno, ya panya, zimesimama pamoja kama ndugu. Kisha akakiona chumba chake na kufuli mlangoni.

Mwenyekiti akamsogelea sikioni, safari hii kwa sauti ndogo. "Wifi, mficha uchi hazai. Nimezalisha wangapi mimi? Sikiliza ninachokwambia."

Kumbe alijua! Alijua, na bado akamketisha pale. Mama Pindo akamtazama kwa jicho ambalo, kama lingeona karibu, lingemchoma. Kisha akasimama kwa kishindo, kiti kikaanguka.

"Baba! Rudi!"

Mzee akasimama ngazini. "Nirudi nifanye nini? Nimekuuliza, hujanijibu."

Foleni nzima ikamgeukia fundi.

"Sioni, baba," akasema, kwa sauti iliyofika hadi uwanjani. "Mwaka wa nne huu sioni. Hawa wote waliovaa nguo zangu ndio walionitungia uzi. Njoo ukae hapa, tupimwe pamoja."