Kadi ya Mke Mwenzangu

Kwa miaka ishirini na saba sikuwahi kujaza kadi ya mtoto ambaye sindano yake sikuiona ikiingia kwa macho yangu mwenyewe. Ndiyo maana akina mama wa kliniki wakanibandika jina la Bibi Kadi. Uje unalia, uje na maneno matamu, uje na hadithi kwamba nesi wa kule mlikotoka alisahau kuandika, jibu langu lilikuwa moja: mtoto achomwe tena, au kadi ibaki tupu. Nilimkatalia mke wa mkuu wa kituo. Nilimkatalia dada yangu wa tumbo moja, na tukanuniana mwaka mzima.

Niliivunja sheria hiyo mara moja tu, kwa ajili ya mwanangu.

Binti yangu ndiye mtoto wangu wa pekee. Ni mwalimu wa hesabu, mtu mwenye akili zake. Mchana mmoja alikuja kwangu na mtoto begani. Mtoto huyo namwita mke mwenzangu, maana tangu azaliwe babu yake hana tena habari na mimi, akirudi kazini anauliza kwanza mke mdogo yuko wapi. Alikuwa na miezi tisa na siku mbili, umri wa sindano ya surua, na mkononi alikuwa na kipamba kilichobandikwa kwa plasta.

"Tumetoka kuchoma sasa hivi," binti yangu akasema. "Ila kadi niliisahau nyumbani, wakaniambia niipeleke kesho waandike. Nimeipitia, hii hapa, lakini kesho nina vipindi tangu asubuhi, mama. Si uniandikie tu?"

"Sheria yangu unaijua."

"Hata kwangu, mama?"

Hilo "hata kwangu" ndilo lililonimaliza. Nilikibandua kile kipamba, kilikuwa cheupe pe, nikakitupa kwenye ndoo ya taka. Nikambusu mke mwenzangu, nikachukua kalamu, nikaandika tarehe na kutia sahihi. Binti yangu alinishukuru, tukala, akaondoka.

Miezi michache baadaye ndipo nikamsikia mtu aliyekuwa akivuma siku nyingi kwenye simu za watu, aliyejiita Profesa. Profesa wa nini, alisomea wapi, hakuna aliyeuliza. Alikuwa na sauti nzito ya kubembeleza, na kila siku alituma maneno kwamba sindano ya surua inalegeza akili ya mtoto, na kwamba mzazi anayejitambua atamwogesha mwanawe majani fulani. Majani hayo, kwa bahati njema, aliyauza yeye mwenyewe kwa pakiti.

Akina mama wakaanza kuja kliniki na maswali. Mimi subira sijaliwa. Wengine niliwaambia sikio la kufa halisikii dawa, wakanichukia. Wakibisha sana nilitoa silaha yangu ya mwisho.

"Mke mwenzangu kadi yake nimeijaza kwa mkono huu huu," nilisema, nikiuinua juu. "Mnaniona mwendawazimu, nimtie mjukuu wangu sumu?"

Hapo waliacha kubisha. Mama wa mapacha, mwanamke mmoja mpole anayeshona nguo za shule, alikuwa amezungukazunguka wiki tatu nje ya mlango wetu bila kuingia. Siku aliyosikia maneno hayo aliingia, akakaa kwenye benchi, akaniletea watoto wote wawili. Wa pili alinipiga teke miwani ikaruka chini ya friji ya chanjo, tukacheka sote.

Kisha surua yenyewe ikaja. Ilianzia mtaa wa pili, ikavuka barabara.

Jumatano moja saa tatu asubuhi benchi letu lilikuwa tupu. Nesi mwenzangu, ambaye nimemtania miaka tisa kwamba ana mwandiko wa kuku, alikwisha kupanga barafu na chupa kwenye sanduku la baridi. Akina mama walikuwepo, tena wengi, lakini walisimama barazani na watoto wao, hakuna aliyevuka kizingiti. Mwishowe mama wa mapacha akaingia peke yake, akanipa simu yake bila kunisalimia.

Kulikuwa na picha ya kadi. Niliitambua kabla sijavaa miwani, kwa sababu namba saba yangu naikata katikati tangu nikiwa shule. Chini yake pameandikwa: *Bibi wa mtoto huyu ni nesi wa chanjo. Kadi kaijaza kwa mkono wake. Leo mtoto ana surua, siku ya nne. Msidanganywe.*

"Nani katuma hii?" nikauliza.

"Jina liko hapo juu, Bibi Kadi. Ni la binti yako. Nimekuja unieleze."

Siku nne mke mwenzangu anaumwa, nami nasikia kutoka kwenye simu ya mtu baki! Nilivua koti langu jeupe, nikamwachia mwenzangu kazi, nikatoka. Akina mama walinipisha njia.

Binti yangu alifungua mlango akiwa amefunga kanga kifuani, macho yamemvimba kwa kukosa usingizi. Mtoto alikuwa kitandani, vipele vimemjaa tangu nyuma ya masikio hadi tumboni, macho mekundu yamegandana matongo, kikohozi kinamkata pumzi. Kando ya kitanda kulikuwa na beseni la maji ya kijani. Nilipomwita hakugeuka, na yule huwa akisikia sauti yangu tu anaanza kurusha miguu.

"Siku nne, mwanangu. Hukuniambia."

"Nilijua utanigombeza."

"Nesi gani alimchoma? Yapo makosa yanatokea. Dawa ikipata joto inaharibika. Niambie zahanati gani, nikaulize friji yao."

Akatazama sakafu.

"Nakuuliza, nesi gani?"

"Hakuna."

"Hakuna vipi?"

"Hakuchomwa, mama. Sikumpeleka."

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda. "Na ile pamba?"

"Niliibandika mwenyewe. Pale nje, kabla sijabisha hodi."

Cheupe pe. Miaka ishirini na saba nafuta vitone vya damu kwenye mikono ya watoto, na nikakishika kipamba kisicho na hata alama, nikakitupa, nikambusu mtoto. Macho yangu yaliona. Ni moyo ndio uliokataa kuona, kwa kuwa aliyesimama mbele yangu ni mwanangu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini hawakunitayarisha kwamba kinaweza kuwa kitu nilichokizaa.

"Haya, ulimwogopea mwanao," nikasema. "Uliogopa maneno ya Profesa, nakuelewa. Lakini hii picha ya kadi? Unajua hakuchomwa, halafu unawatangazia watu kachomwa na bado kaugua?"

"Walikuwa wananiuliza kwenye kundi la Profesa, mama. Kila mtu anajua namwogesha majani ya Profesa asubuhi na jioni. Wanauliza imekuwaje basi kaugua. Ningewajibu nini?"

"Ukaona uniuze mimi."

"Sikukutaja jina."

"Futa."

"Nikifuta watasema umenilazimisha."

Mwalimu wa hesabu huyo. Nilimsomesha kwa mshahara wa sindano, sindano moja moja. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, machafu, na yote yalikuwa kwenye ncha ya ulimi, lakini mtoto alikohoa tena. Nikamfunga kanga, nikambeba, tukaenda hospitali kubwa, binti yangu akinifuata nyuma na chupa ya maji.

Walimpa matone ya vitamini, wakampa dawa ya kifua, wakamsafisha macho. Jioni daktari alituambia ataishi. Kuhusu jicho la kulia hakutuahidi kitu, alisema kioo cha jicho kina kidonda. Binti yangu aliangua kilio pale koridoni, akanishika mkono. Niliutoa mkono wangu. Nilimchukia, nasema wazi, nilimchukia mtoto wangu wa pekee kuanzia mlango wa wodi hadi getini. Nilipofika getini nikageuka, nikarudi kumletea chai, kwa sababu hakuwa amekula tangu asubuhi.

Usiku huo sikuhitaji mtu wa kunishauri. Nikikaa kimya, kazi yangu salama na heshima yangu salama. Wengine wangeniita Bibi Kadi hadi nistaafu. Lakini benchi lingebaki tupu, na surua ilikuwa imeshavuka barabara.

Alhamisi nilisimama kwenye kizingiti cha kliniki, nikiwaangalia akina mama wote barazani.

"Mjukuu wangu hakuchomwa," nikasema. "Mwanangu alinidanganya kwa pamba isiyo na hata kitone cha damu, nami nikajaza kadi bila kuona sindano. Chanjo haikushindwa. Walioshindwa ni mimi na binti yangu. Barua ya kujieleza kwa mkuu wa kituo nimeshaiandika, atanifanya atakavyo. Nawaomba watoto wenu wasilipe makosa yangu."

Nilitegemea matusi. Badala yake nikasikia zipu. Mmoja alifungua mkoba, akatoa kadi ya mwanawe na kuikodolea macho. Mwingine akatoa ya kwake. Baraza zima likawa linasoma mwandiko wangu. Kuna aliyepandisha mkono wa gauni la mtoto akitafuta kovu, na kovu la sindano ya surua halipo, huwa haiachi alama.

Wawili watatu walibeba watoto wao wakaondoka. Mama wa mapacha akasogea na kadi zake mbili.

"Na hizi?"

"Hao niliwachoma mwenyewe. Ulikuwepo! Yule wa pili alinipiga teke, miwani ikaenda chini ya friji. Hukumbuki?"

"Nakumbuka miwani," akasema polepole. "Nilikuwa nimeinama kukuokotea."

Ni kweli, ndiye aliyeniokotea.

"Nikiwachoma tena hawatadhurika," nikamwambia.

"Basi wachome, nikiangalia. Lakini kadi aandike huyu dada."

"Mwenye mwandiko wa kuku?"

Nilijaribu kutania. Hakucheka mtu.

Akakaa kwenye benchi, akampakata wa kwanza. Wengine wanne wakaingia nyuma yake, wakasimama ukutani. Nikavuta dawa, nikachoma, mtoto akalia. Nikachoma wa pili, safari hii hakurusha teke. Mama yao aliitazama sindano ikiingia na akaitazama ikitoka, kisha akanyoosha kiganja nimpe zile pamba. Akazipeleka dirishani kwenye mwanga, moja baada ya nyingine, akatafuta kitone cha damu mpaka akakiona. Ndipo akaipita meza yangu, kalamu yangu ikiwa wazi mkononi, akampelekea mwenzangu kadi.