Herufi Tulizozikariri

Mdogo wangu alisoma mstari wa sita bila kukwama. Mimi, niliyekaa nyuma yake kwenye stuli, nikajua anadanganya, kwa sababu uongo ule nilimfundisha mwenyewe.

Kiwandani wanamwita Rula. Miaka kumi na minne amekaa kwenye cherehani akishona kola za mashati, na mshono wake ulinyooka hata wenzake wakawa wanapimia wa kwao. Mwaka juzi kola zikaanza kurudishwa. Mshono unapanda, unashuka, kama njia ya mlevi. Msimamizi akasema Rula kawa mvivu. Baadaye akasema anakunywa, yeye ambaye hata dawa ya kikohozi humlevya. Mwishowe akamhamishia meza ya kukata nyuzi na kumpa mwezi mmoja: alete barua ya hospitali inayosema anaona, au asirudi.

Hospitali wakatuambia macho yake yamechongoka. Kile kioo cha mbele ya jicho, ambacho kwako na kwangu ni cha mviringo, kwake kimesukumwa mbele kama ncha ya yai, na mwanga ukiingia unatawanyika. Miwani hapo haifui dafu. Kinachofaa ni lenzi kubwa, ngumu, inayokaa juu ya weupe wa jicho na kuuruka ule mchongoko bila kuugusa, nafasi ya katikati ikijazwa maji safi ya chumvi. Haiuzwi dukani kama kandambili. Inachongwa kwa kipimo cha jicho la mtu mmoja, na ikishachongwa vibaya ni yako hivyo hivyo.

Ndiyo sababu tulikuwa kwenye kile chumba kisicho na dirisha. Mpimaji, mama mnene mwenye mikono myepesi, alimwinamisha Rula mpaka uso ukaelekea sakafuni. Akaijaza maji lenzi ya majaribio, akaiweka juu ya kikombe kidogo cha mpira na kuipandisha jichoni kutoka chini.

"Usipepese. Tazama viatu vyangu."

"Sivioni, daktari."

"Afadhali. Vimechoka."

Mara ya kwanza kiliingia kipovu cha hewa, ikabidi itolewe. Mara ya pili Rula alipepesa, maji yakamwagikia magotini. Ya tatu ikakaa. Mpimaji akadondosha rangi ya manjano, akawasha taa ya buluu na kuchungulia kwa muda mrefu.

"Katikati naona peusi, rangi haipiti," alisema. "Kama lenzi inaligusa jicho. Hebu soma ule ubao wa herufi."

Na Rula akasoma. E. F, P. T, O, Z. Mpaka mstari wa sita, kama maji.

Nina kumbukumbu ndefu na simwombi mtu radhi. Mwaka kiwanda kilipoanzisha upimaji wa macho, walitupanga foleni stoo, mbele ya ubao kama ule ule. Walioshindwa kusoma walikuwa saba. Hakuna aliyepewa miwani, walipewa bahasha za kuachishwa kazi. Mmoja alikuwa Bibi Vifungo, aliyeshona matundu ya vifungo miaka kumi na tisa. Alitoka getini na mkasi wake mwenyewe mkononi, na mlinzi akampekua mara mbili.

Mwaka uliofuata nikanakili zile herufi kwenye karatasi. Saa ya chakula nikawa nafundisha, benchi kwa benchi. Shule sikufika mbali, lakini darasa langu halikufelisha mtu. Miaka minane hakuna aliyefukuzwa kwa sababu ya macho. Wakaniita Wakili, nami nikavimba kichwa.

Na miaka minane hakuna aliyepimwa macho. Hilo sikuwa nimelihesabu.

"Ajabu," mpimaji akasema. "Taa inasema hivi, wewe unaona kama tai. Haya, mgonjwa ndiye mwenye jicho." Akavuta fomu ya kuagizia lenzi, akafungua kalamu.

"Rula," nikasema.

"Kaka, nyamaza."

"Mwambie."

"Nimesema nyamaza. Barua kwanza."

"Ukiipata hiyo barua, utashona kwa barua?"

Mabega yake yalikuwa juu, kama mtu anayengoja kupigwa. Nikasimama. "Daktari, ameukariri. Mimi ndiye mwalimu. Kiwandani kwetu tuko sabini na wawili tunaoweza kukusomea ubao huo tukiwa tumefumba macho."

Mpimaji akaifunga kalamu polepole.

"Kila siku watu wananidanganya hawaoni, wapate mapumziko," alisema. "Wa kunidanganya anaona ndiyo kwanza nimpate. Mficha maradhi, dada. Haya, kweli unaona nini pale?"

"Ile kubwa ya juu," Rula akasema kwa sauti ndogo. "Na hiyo nayo najua ni E kwa sababu siku zote ni E."

"Kaka yako anastahili viboko."

"Acha nione kwanza. Nitamchapa mwenyewe."

Alitolewa ile lenzi, akawekewa nyingine yenye kina zaidi. Taa ya buluu ikawaka, na safari hii mpimaji akaguna kwa kuridhika. Ubao akaugeuzia ukutani.

"Geuka umtazame huyo mwalimu. Niambie unachokiona."

Rula akageuka. Alinitazama kitambo, na sikujua niuweke wapi uso wangu.

"Kaka, hilo shati si nilikushonea mimi?"

"Ndiyo. Mwaka juzi."

"Kola imekwenda upande."

"Kidogo."

"Kidogo kitu gani? Imepanda kama ngazi. Na ulilivaa kwenye mkutano wa wafanyakazi, mbele za watu?"

"Kila mkutano."

Akanyoosha mkono, akaufuata mshono ule kwa kidole, taratibu, mpaka mwisho. "Ukifika nyumbani livue, nilifumue," akasema. Kisha akajifuta shavu, akisingizia ni maji ya lenzi.

Barua ilisema kweli tupu: lenzi zikifika, ataona. Zitafika baada ya wiki tatu. Asubuhi iliyofuata msimamizi aliisoma akiwa amesimama, akasema mwezi wa Rula unaisha baada ya siku tisa. Nilikuwa nimeshawaeleza wenzangu yote, pamoja na kosa langu, na walinizomea nilivyostahili. Hata hivyo fundi wa kwanza aliondoa mguu kwenye pedali. Wa pili akafuata. Cherehani zikanyamaza moja moja mpaka ukimya ukafika mlangoni.

"Wiki tatu, basi," msimamizi akasema.

"Na ubao wako mwaka huu," nikamwambia, "tutausoma kwa macho. Andaa miwani. Bahasha tunazijua."

Rula alikuwa meza ya nyuzi, ameinama. Shati langu alikuwa nalo mapajani, anafumua kola kwa kupapasa.