Upande wa Mama

Jumatano ya Majivu baba yangu aliifunika televisheni kwa kitambaa cha zambarau, akahamishia makochi yote ya sebuleni barazani, akaingiza mabenchi mawili aliyoyapigilia misumari mwenyewe. Moja aliliweka ukuta huu na jingine ukuta ule, yakitazamana. Kwenye korido alining'iniza kipande cha bomba la chuma. Ukikigonga kwa spana kinalia mpaka kwa fundi viatu, jirani yetu, ambaye siku ya kwanza alitoka nje na nyundo mkononi akidhani tumevamiwa.

Baba alikuwa fundi bomba wa monasteri. Nusu ya maisha yake ameyamaliza chini ya masinki ya wamonaki, na alichorudi nacho nyumbani, ukiacha maumivu ya mgongo, ni mapenzi ya utaratibu wao. Kila Kwaresima alikuwa akijibana kidogo, mara aache sukari, mara ale kimya. Mwaka huu aliamua kutubana wote. Masifu ya asubuhi, yaani sala za zaburi, kabla ya chai, masifu ya jioni nikishatoka kazini, kitabu kisomwe mezani wakati watu wanakula, na hakuna kufungua mdomo tangu kuamka mpaka bomba lilie. Hata shikamoo ilibidi isubiri. Nilikuwa nampigia goti bila neno, naye anaitikia kwa kichwa, na mimi moyoni namwita Abate, kama mkuu wa wamonaki.

Niseme ukweli, nilikereka. Mimi ni msusi, siku nzima nasimama nyuma ya vichwa vya watu, na nilikuwa nimerudi kuishi pale kwa sababu moja tu: mama alikuwa anasahau. Alianza na chumvi kwenye mboga, ikafuata njia ya sokoni, mwisho akanisahau mimi. Akawa ananiita nesi. Baadaye hata hilo nesi likapotea, akabaki mtu wa kukaa dirishani na kukunja pindo la nguo yake, hasemi. Mgonjwa wa namna hiyo unamwamsha alfajiri umkalishe kwenye benchi la mbao?

"Baba," nilimwambia jikoni siku ileile, "hii ni nyumba au monasteri? Mama anataka uji wa moto na mto mgongoni. Zaburi atazipeleka wapi?"

"Mto utamwekea," alisema. "Benchi halikatai mto."

Kesho yake tuliketi, mimi na mama upande mmoja, baba peke yake upande wa pili. Zaburi huenda kwa pande. Upande huu unasema mstari wake, unanyamaza, upande ule unajibu. Nilimwekea mama kitabu magotini, akakishika juu chini, nikakiacha hivyohivyo. Baba akasoma mstari wake wa kwanza. Nilikuwa nahangaika kutafuta ukurasa wakati mama alipojibu.

Hakunong'ona. Alijibu kwa sauti yake ya zamani, ile alto iliyokuwa ikishikilia safu nzima ya kwaya ya parokia, mstari wote bila kukwama, macho yake yakiwa dirishani. Nilimtazama baba nikaona anachelewa kuendelea, nikadhani naye amepotea ukurasa. Kumbe alikuwa anamtazama mama.

Nilikuwa nimesahau kitu ambacho nimekua nakisikia kupitia ukutani. Tangu walipooana walisali hivi kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, baba upande ule, mama upande huu. Mama aliposhindwa kusoma waliacha, baba hakutaka kumwaibisha. Ugonjwa ulibeba kila kitu ndani ya mama, lakini zaburi haukuziona.

Kuanzia siku ile nilifunga kitabu changu nikamwachia mama upande wote. Sala ikiisha baba alikuwa anamgeukia haraka, kabla joto halijapoa, anamuuliza, "Umelalaje, bibie?" Mama anamtazama kama mtu uliyekaa naye foleni ya hospitali. Hajibu. Baba anakwenda kunywa chai yake. Jioni bomba linalia, baba anasema mstari wake, na mama anamjibu tena.

Hapo ndipo nilipomwelewa Abate wangu. Alikuwa anamtafuta Mungu, sikatai, lakini kwenye yale mabenchi alikuwa anamtafuta mkewe pia, na mlango uliobaki wazi ulikuwa huo mmoja. Haikupita wiki akaongeza sala ya mchana. Akaongeza na ya kabla ya kulala. Fundi viatu alinitania dukani kwake kwamba karibu tutaanza kuvaa kanzu na kunyoa utosi, na mimi msusi nitakosa kazi nyumbani kwetu wenyewe. Nilicheka. Nilikuwa nimeanza kutoka kazini mbio ili nisichelewe masifu.

"Nasikia sauti yake," baba aliniambia siku moja akiwa anaosha vikombe. "Basi. Sihitaji anijue. Ila akinyamaza na hapo, mwanangu, nitakuwa nimebaki peke yangu."

Sasa, kuna neno moja ambalo sisi Wakatoliki hulifungia wakati wa Kwaresima. Aleluya haisemwi wala haiimbwi mpaka mkesha wa Pasaka. Siku nyingine zote sala hufunguliwa kwa Atukuzwe Baba na Aleluya ikafuata nyuma yake, ila Kwaresima unaishia kwenye Amina. Baba kwa hilo hakuwa na mzaha. Mimi mwenyewe alishanisikia nikiliimba bafuni, akagonga mlango. Nilipochungulia aliniinulia kiganja tu, kama wamonaki wanavyomnyamazisha mtu, nikaacha.

Kwaresima ilikuwa imevuka katikati. Asubuhi hiyo mama aliamka vizuri, nilikuwa nimemsuka jana yake, na jua lilikuwa limefika mpaka kwenye benchi letu. Tukafungua sala, tukasema Amina. Mama hakuishia hapo. Aliimba Aleluya, ile ndefu ya sikukuu yenye kupanda na kushuka, akitabasamu. Na hakuwa anatazama dirishani. Alikuwa anamtazama baba usoni.

Baba akainua kiganja.

"Hapana, bibie," alisema, kwa upole kabisa. "Si wakati wake."

Tabasamu la mama lilizimika. Alijiziba mdomo kwa mkono, kama mtoto aliyekemewa kanisani, akainamisha kichwa. Nadhani baba alijua palepale, maana mstari wake aliusoma kwa sauti ya kubembeleza. Upande wetu ukabaki kimya. Aliusoma tena, na mama hakujibu. Nikafungua kitabu nikajibu mimi, kwa sauti yangu hii ya saluni, na sijawahi kuichukia sauti yangu kama siku ile.

Jioni ikawa hivyohivyo, na siku iliyofuata. Kila bomba lilipolia mama alipeleka mkono mdomoni, akauacha hapo mpaka sala iishe. Zaburi ya toba ya Ijumaa, ambayo naamini angeweza kuisema usingizini, ilipita mbele yake asiitikie hata neno.

Nilimsubiri baba jikoni nikiwa nimejaa hasira.

"Neno moja, baba. Neno moja tu ungemwachia."

"Najua."

"Alikuwa anakutazama wewe. Wamonaki wako wangekufa wakisikia?"

"Najua, mwanangu."

Nilitaka abishe. Nilitaka anitajie kanuni, anikaripie, nipate mahali pa kushika. Alikaa kwenye kiti cha jikoni akakitazama kiganja chake.

"Uliinuka wenyewe huu mkono," alisema. "Nimeufundisha miaka yote kuinuka."

Aliondoa sala ya mchana na ile ya usiku, akihofia kwamba alikuwa amemchosha. Alihamia benchi letu akakaa karibu naye. Alimshusha mkono taratibu, akauweka magotini, na mkono ukapanda tena. Akaacha kugonga bomba, akawa anakuja kutuita mwenyewe kwa kutugusa bega. Mimi hasira zilikuwa zimeniisha. Kumwona mzee mkaidi anajaribu hiki na kile kuliniuma kuliko hata ule ukimya wa mama.

Ijumaa ya mwisho kabla ya Jumapili ya Matawi baba aliingia sebuleni bila kitabu. Akapiga magoti mbele ya mama, na kwa magoti yale haikuwa kazi ndogo. Kisha akaimba Aleluya.

Baba hajui kuimba. Kwaya ya parokia ilimkataa kwa adabu, ikampa kazi ya kubeba kinanda. Aliimba ileile ya mama, ya sikukuu, akiikosea kila inapopanda, ndani ya Kwaresima, siku ya kufunga, dirisha likiwa wazi. Fundi viatu alikuwa anapita akasimama.

"Mzee, mbona umewahi?" aliuliza. Alipotuona vizuri alivua kofia akaondoka bila kumalizia utani wake.

Baba aliendelea. Aliiimba tena na tena, machozi yakimshuka hata hayafuti. Mama aliacha kukunja pindo la nguo kwa mkono ule mwingine. Akamwangalia kwa muda, kwa makini, na mkono ukamtoka mdomoni. Nilisema moyoni, sasa, sasa anaimba.

Mama aliinua kiganja, akakiweka kwenye mdomo wa baba.

"Hapana," alimwambia. "Si wakati wake."

Aliyasema kwa huruma, kama unavyomwambia mgeni aliyekosea mlango. Baba alibaki vilevile, amepiga magoti, mdomo umezibwa, na hakuuondoa ule mkono. Mama ndiye aliyechoka kwanza akaushusha.

Hatujamsikia tena.

Asubuhi ya Pasaka baba aliligonga bomba mpaka spana ikamponyoka. Kitambaa cha zambarau kilikuwa kimetoka, na alikuwa amevaa shati lake jeupe la harusi za watu. Nilimpeleka mama kwenye benchi nikamwekea mto. Baba alikuja akainama mpaka macho yao yakawa sawa.

"Sasa ni wakati wake, bibie," alisema. "Sasa ruksa."

Mama alipeleka mkono mdomoni.

Baba alirudi upande wake akafungua sala. Atukuzwe Baba, Amina, na Aleluya akaisema mwenyewe, bila kuimba. Akasoma mstari wa kwanza wa zaburi. Nilivuta pumzi nijibu, kama nilivyozoea tangu mama aliponyamaza, na yeye akaniinulia kiganja.

"Uache," alisema. "Huo ni wake."

Nikafunga kitabu. Redio ya fundi viatu ilikuwa inaimba Aleluya kwa sauti ya juu kule kwake, na sisi watatu tukakaa kwenye mabenchi yetu tukiungoja ule mstari.